Nyapara, Afisa Utumishi na Mkurugenzi: Historia ya Kusimamia Watu Kazini Tanzania

Kiongozi wa rasilimali watu ndiye anayesimamia uajiri, vyeo, mishahara, mafunzo na nidhamu mahali pa kazi, na ndiye anayekaa katikati mwajiri na waajiriwa wanapovutana. Vitabu vingi vya menejimenti vinavyosomwa vyuoni huianza historia ya kazi hii katika viwanda vya Uingereza na Marekani. Afrika Mashariki ina historia yake, iliyopita kwenye misafara, mashamba ya mkonge, gati na mashirika ya umma, na hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini ofisi ya utumishi nchini Tanzania iko kama ilivyo. Katika historia hiyo cheo cha msimamizi wa watu kilipanda kila mara wafanyakazi, na baadaye sheria, walipombana mwajiri. Nyakati ambazo mwajiri hakubanwa, cheo hicho kilibaki pale pale au kilishuka.

Katika karne ya 19 hapakuwa na shughuli iliyoajiri watu wengi kuliko biashara ya misafara. Pembe za ndovu zilitoka bara, kupitia Ujiji na Tabora, hadi Bagamoyo na Pangani, zikiwa mabegani mwa wapagazi ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Mwenye mali hakuwasimamia wapagazi hao mwenyewe. Aliwategemea wanyapara, kila mmoja na kundi lake, na kirangozi aliyetangulia na bendera. Mnyapara aliwatafuta watu, alisimamia ugawaji wa posho, aliulizwa pale mtu alipotoroka, na alipeleka malalamiko ya watu wake kwa mwenye msafara. Kipimo kilichozoeleka cha posho kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku.

Wapagazi walikuwa na silaha moja kubwa: waliweka mizigo chini na kukataa kuondoka kambini mpaka posho iongezwe au mgonjwa apumzishwe. Kwa kuwa sehemu ya ujira, hasa vitambaa vya merikani, ilikuwa imekwisha kulipwa kabla ya safari, tajiri aliyewaudhi watu wake huko nyikani angeweza kupoteza mzigo pamoja na malipo aliyotanguliza. Mnyapara mwenye akili alilijua hilo, na ndiyo maana alisikiliza. Kirangozi naye mara nyingi alikubaliwa kwanza na wapagazi wenyewe. Mamlaka ya watu hawa wawili yalitegemea heshima waliyopewa na walio chini yao, jambo ambalo msimamizi wa watu hakulipata tena kwa miaka mingi.

Utawala wa Wajerumani uliigeuza hali hiyo. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893, na mashamba yakaenea Tanga na kando ya Pangani. Mashamba yalihitaji watu wengi, kwa muda mrefu, kwa ujira mdogo, na wenyeji waliokuwa na mashamba yao hawakuona sababu ya kwenda. Kodi ikatumika kuwasukuma. Katika Usambara, wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, sasa Lushoto, utaratibu wa kadi uliwekwa mwaka 1907: kila mwanamume alipaswa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ndiyo iliyoonyesha kama ametimiza. Mnyapara wa shambani alibaki na jina la mwenzake wa msafara, lakini sasa alichaguliwa na bwana shamba, na nyuma yake kulikuwa na kiboko. Adhabu ya viboko ishirini na vitano, iliyojulikana kwa jina la hamsa ishirini, iliacha kumbukumbu ambayo wazee waliendelea kuisimulia muda mrefu baada ya Wajerumani kuondoka.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika hawakuondoa kadi. Waliifanya kuwa chombo kikuu cha usimamizi, kwa jina la kipande. Kipande cha shamba la mkonge kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Mfanyakazi aliyemaliza kiasi cha majani alichopangiwa kukata na kufunga matita alitiwa alama kwenye nafasi ya siku hiyo, na mshahara ulilipwa alama zote zilipotimia. Siku ya homa haikuwa na alama. Siku ambayo mnyapara alidai kuwa matita hayakutimia, hata kama mtu alishinda juani tangu alfajiri, nayo haikuwa na alama. Mwezi wa kalenda ungeweza kwisha, na mwingine ukaingia, kabla kipande hakijajaa. Uamuzi wote juu ya maisha ya mfanyakazi ulikuwa kwenye penseli ya karani na neno la mnyapara, na hapakuwa na mtu wa kukatiwa rufaa zaidi ya bwana shamba mwenyewe. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 iliongeza uzito: mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alihesabiwa kuwa amefanya kosa la jinai.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Huko kipande kilikuwa hati ya utambulisho iliyowekwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kiliandikwa alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe ya kuanza kazi, na mwajiri alitakiwa kutia saini mtu anapoondoka. Bila saini hiyo hapakuwa na kazi nyingine. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini kiliendelea hadi 1947. Ukikitazama kwa makini, kipande kilikuwa faili la kwanza la mtumishi katika Afrika Mashariki, na lilianza na dosari ambayo imechukua miaka mingi kuisahihisha: taarifa zote zilikuwa za mfanyakazi, na faida yote ilikuwa ya mwajiri.

Serikali ya Tanganyika ilijaribu kuingia katikati. Mwaka 1926 ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Granville Orde-Browne, aliyekuwa afisa wa utawala. Maafisa kazi wake walikagua mashamba, walisikiliza mashauri ya mishahara isiyolipwa, na walijenga kambi kando ya njia za wasafiri wa kazi ambapo watu waliotembea wiki kadhaa kwa miguu waliweza kupata chakula na dawa. Wakati huo hakuna shamba lililokuwa na mtu wa kufanya hayo. Lakini mdororo wa uchumi ulipofika idara hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufutwa, mwaka 1931, na haikurudishwa hadi mwishoni mwa muongo huo. Ni mfano wa mapema wa tabia ambayo mashirika mengi bado yanayo, ya kupunguza kwanza ofisi inayowaangalia watu pindi fedha zinapopungua.

Wenye mashamba walikuwa na njia yao ya kupata watu. Mwaka 1944 chama chao kilianzisha ofisi ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kama SILABU. Mawakala wake walikwenda Kigoma, Songea, nyanda za juu za kusini na hadi Ruanda-Urundi. Watu walipimwa na daktari, wakapewa namba, blanketi na tiketi, wakapakiwa malori na treni kwenda Tanga na Morogoro. Watu waliwaita manamba. Kwa macho ya leo SILABU ilikuwa kampuni ya uajiri iliyoendeshwa kwa ufanisi: ilijua mashamba yanahitaji watu wangapi, lini, na gharama ya kila mmoja. Haikujishughulisha na swali la nini kinampata mtu baada ya kushushwa kambini.

Mabadiliko yalianzia bandarini. Mpakuaji mizigo wa Mombasa au Dar es Salaam alikuwa kibarua wa siku. Alifika getini asubuhi, msimamizi wa genge akamchagua au akamwacha, na jioni akalipwa. Waajiri waliupenda mpango huo kwa sababu siku isiyo na meli haikuwa na mshahara. Lakini watu wasiofungwa na mkataba hawakuwa na cha kupoteza walipogoma. Mombasa iligoma mwaka 1939, na Januari 1947 mji mzima ulisimama kwa siku 12, wafanyakazi wa gati, reli, hoteli na majumbani wakiwa pamoja, huku Chege Kibachia akiibuka kuwa kiongozi wao. Mwezi Septemba mwaka huohuo Dar es Salaam nayo iligoma, na mgomo ukafuata reli ya kati hadi miji ya bara. Wapakuaji wa Dar es Salaam walipata nyongeza kubwa ya mshahara, na serikali ikajifunza kuwa mji ambao watu wake hawajulikani kwa majina hauwezi kutawaliwa.

Kutokana na hofu ya migomo hiyo ndipo ofisi ya utumishi ilipozaliwa katika makampuni makubwa. Wapakuaji waliandikishwa, wakapewa namba za kudumu na uhakika wa kiasi fulani cha kazi. Taratibu kibarua wa siku akawa mwajiriwa wa mwezi. Reli na Bandari za Afrika Mashariki, zilizounganishwa mwaka 1948, na waajiri wengine wakubwa walianza kuweka maafisa wa kuangalia nyumba, mishahara, mafunzo na malalamiko. Waingereza walikuwa na mfano wa kuiga kwao: kiwanda cha Rowntree mjini York kilimwajiri Mary Wood mwaka 1896 kuangalia hali ya wasichana waliofanya kazi humo. Tofauti ni kwamba kazi ya afisa wa York ilianza kama huruma ya familia yenye kiwanda, na ya afisa wa bandari ya Afrika Mashariki ilianza kama kinga dhidi ya mgomo unaofuata.

Kinga hiyo haikutosha. Shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, na migomo ikaongezeka mwaka hadi mwaka. Mashamba ya mkonge, yaliyokuwa yametulia kwa miongo, yalitikiswa mwaka 1958. Mwaka 1960 pekee takriban siku milioni moja na nusu za kazi zilipotea. Waajiri walilazimika kujifunza kitu kipya: kukaa mezani. Waliunda vyama vyao, Kenya mwaka 1959 na Tanganyika mwaka uliofuata, na mameneja utumishi wakawa wajumbe wa mabaraza ya pamoja yaliyojadili viwango vya mishahara, saa za kazi na likizo. Hapa ndipo kazi hii ilipoanza kuhitaji elimu. Mnyapara angeweza kuongoza kwa sauti. Mtu wa kukaa mkabala na chama cha wafanyakazi alihitaji kujua hesabu, sheria na mazungumzo.

Uhuru ulileta tatizo jingine, la nani atakaa kwenye viti. Mwaka 1961 Waafrika walishika takriban robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini. Wapo waliotaka nafasi zote zijazwe mara moja kwa kufuata rangi. Mwalimu Nyerere alikataa, na Januari 1964 alitangaza kuwa kigezo kitakuwa uraia. Wakati huohuo serikali ilihesabu wataalamu iliokuwa nao na iliowahitaji, na mpango wa miaka mitano wa 1964 ukaweka lengo la kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980. Kwa mara ya kwanza ofisi ya utumishi ilitazama miaka kumi na mitano mbele: madaktari wangapi, wahandisi wangapi, wasome wapi. Chuo cha Magogoni kilifundisha makarani na maafisa wa serikali. Mzumbe, palipoanza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa, pakawa chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972, na vizazi vya maafisa utumishi vimepita hapo.

Mikono ya mwajiri ilifungwa pia. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa mwanzoni mwa 1963, kikafikia shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar es Salaam. Sheria ya usalama wa ajira ya mwaka 1964 iliweka kamati za wafanyakazi na orodha ya makosa na adhabu zake, ili mtu asifukuzwe kwa hasira ya bosi. Lakini mwaka huohuo, baada ya maasi ya askari, vyama huru vilifutwa na kuwekwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na chama tawala, TANU. Meneja utumishi alipata kanuni zilizoandikwa na akapoteza mpinzani huru wa kujadiliana naye. Kupata kanuni kulikuwa faida ya kweli. Kupoteza mpinzani kulimdhoofisha yeye mwenyewe, kwa sababu malalamiko yasiyo na mahali pa kusemewa hayaishi.

Chombo kikuu cha ofisi ya utumishi ya miaka hiyo kilikuwa jalada. Lilikuwa la karatasi ngumu ya rangi ya kaki, lenye namba ya mtumishi juu yake, likitunzwa masijala. La mkubwa lilikaa masijala ya siri. Ndani yake karatasi zilitobolewa pembeni, zikafungwa kwa uzi na kupewa namba moja baada ya nyingine: barua ya maombi, vyeti, barua ya ajira, kuthibitishwa kazini, likizo, uhamisho, onyo, taarifa ya siri ya kila mwaka ambayo mhusika hakuoneshwa. Mtumishi angeweza kukosa kupandishwa cheo kwa miaka kadhaa kwa sababu ya sentensi mbili za mkuu wake asizowahi kuzisoma. Hata hivyo jalada hilo hilo lilikuwa ngao yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, maelfu ya wafanyakazi wake walibaki na madai yaliyoendelea kusikilizwa hadi baada ya mwaka 2005, na kwa mzee au mjane aliyefika kuhakikiwa, karatasi zilizosema aliajiriwa lini na kwa mshahara gani ndizo zilizokuwa shahidi wake.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaifisha mabenki na viwanda vikubwa, na meneja utumishi akajikuta ndani ya shirika la umma. Mishahara ya mashirika ilisimamiwa na kamati moja ya kitaifa, SCOPO, hivyo hakuweza kumvutia mtaalamu kwa mshahara mnono wala kumwadhibu mzembe kwa kumpunguzia. Waraka wa Rais wa Februari 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi. Kisha Februari 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu.

Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko waandishi wake walivyotarajia. Kati ya 1971 na 1973 viwanda na mashirika kadhaa yalisimama, mara nyingi si kwa ajili ya mshahara. Madai yalihusu lugha ya matusi, upendeleo, kufukuzwa bila sababu, na mkubwa kupita bila kuitikia salamu. Mameneja walifungiwa nje ya mageti, na meneja utumishi alikuwa miongoni mwa waliolengwa mara kwa mara, kwa kuwa ndiye aliyetia saini barua za onyo. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mjini Dar es Salaam walimwondoa mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe, kabla serikali haijalizuia wimbi hilo lisienee kwingine. Kwa historia ya uongozi wa watu kazini, miaka hiyo mitatu ina uzito kuliko semina zote zilizofuata. Ilionesha kwamba utu wa mfanyakazi ni suala la kazi sawa na mshahara, na kwamba anayelipuuza ataliona getini.

Chama nacho kiliingia ofisini. Kila shirika kubwa lilikuwa na tawi la TANU, baadaye CCM, na mwenyekiti wa tawi angeweza kuwa fundi aliye chini ya meneja ambaye jioni alimhoji meneja huyo kikaoni. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana hakuweza tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Alitakiwa afanye kazi kwanza, kisha apendekezwe na mwajiri na chama. Barua ya ofisi ya utumishi ikawa ufunguo wa elimu ya juu. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipoisha thamani na maduka yakawa matupu, ofisi hiyo iligeuka tena: ikawa ya basi la wafanyakazi, chakula cha mchana, nyumba za shirika na mgao wa bidhaa adimu. Kazi ya kukuza vipaji ilisahaulika, na si rahisi kuwalaumu waliokuwapo, maana mtu mwenye njaa hapimwi utendaji.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990; kiwanda cha bia kiliingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini mwaka 1993, na benki ya NBC iligawanywa mwaka 1997. Serikali yenyewe ilipunguza watumishi kutoka takriban 355,000 mwaka 1992 hadi chini ya 280,000 kabla muongo haujaisha. Aliyeandaa orodha za kupunguzwa alikuwa afisa utumishi. Alipekua majalada kutafuta tarehe za kuajiriwa, akapiga hesabu za kiinua mgongo, akawaita watu aliowaajiri mwenyewe na kuwapa barua. Wengi walifanya kazi hiyo bila mafunzo yoyote ya kumwambia mtu habari ngumu. Ni katika miaka hiyohiyo, makampuni ya nje yalipoingia, ndipo milango ya ofisi ilipoandikwa Rasilimali Watu na mkuu wake akaanza kukaa kwenye menejimenti ya juu pamoja na wakuu wa fedha na masoko. Kwa aliyetoka kupokea barua, maandishi mapya ya mlangoni hayakuwa na faraja.

Uzito wa kweli ulitoka bungeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, ilileta kanuni kwamba kumwachisha mtu kazi kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Wa kuthibitisha ni mwajiri. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ilianzishwa kusikiliza mashauri, na sheria ilipotungwa iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo halali. Saa za kazi zikawa 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, likizo ya uzazi siku 84. Mkurugenzi mkuu aliyezoea kusema mtu fulani asionekane kesho alianza kuambiwa na mkuu wa rasilimali watu: subiri, hatujamwandikia hati ya mashtaka, hajasikilizwa, kikao cha nidhamu hakijakaa. Maneno hayo yalisikilizwa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na hukumu ya fidia. Hakuna kozi ya uongozi iliyomwongezea mkuu huyu mamlaka kiasi hicho.

Katika utumishi wa umma, sheria ya mwaka 2002 ilisisitiza ajira kwa ushindani, na baadaye Sekretarieti ya Ajira ikakabidhiwa usaili uliokuwa ukifanywa na kila taasisi kivyake. Taarifa za siri zilianza kuondolewa mwaka 2004 na kuwekwa mfumo wa wazi wa tathmini, uliofahamika zaidi kwa jina la OPRAS, ambapo mtumishi na mkuu wake walikubaliana malengo na kutia saini wote wawili. Wazo lilikuwa zuri kuliko utekelezaji. Katika ofisi nyingi fomu zilijazwa mwisho wa mwaka kwa siku moja, alama zikafanana kwa kila mtu, na hakuna aliyepandishwa wala kushushwa kwa sababu yake. Kenya ilichagua kuanza na msimamizi mwenyewe: sheria ya mwaka 2012 ilimtaka afisa rasilimali watu awe na sifa, asajiliwe na awe na leseni, kama ilivyo kwa taaluma nyingine zinazoshika maisha ya watu. Njia hiyo ni bora, maana fomu haiwezi kuwa makini kuliko anayeisimamia.

Udhaifu ulijitokeza hadharani mwaka 2016, serikali ya Rais Magufuli ilipoagiza uhakiki wa watumishi na kukuta maelfu ya majina yakilipwa mishahara bila watu nyuma yake. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais alikabidhiwa ripoti ya vyeti iliyowataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Wamo waliokuwa wamehudumu miaka mingi, wauguzi na walimu miongoni mwao, na mwaka 2022 serikali iliamua warudishiwe michango waliyokatwa ya hifadhi ya jamii. Mjadala wa wakati huo uliwaelekea wenye vyeti. Ulistahili kuielekea pia ofisi iliyowaajiri, kwa kuwa kila mmoja wao alipewa barua ya ajira, akafunguliwa jalada, akathibitishwa kazini na mara nyingine akapandishwa daraja, na katika hatua zote hizo nakala ya cheti ilikuwa mle ndani ikisubiri kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani.

Tangu hapo kazi imehamia kwenye kompyuta. Maombi ya kazi serikalini hutumwa kwa mtandao, mishahara na taarifa za watumishi zimo katika mfumo mmoja, na kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 OPRAS ilipisha PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambao mtumishi huingiza kazi zake na mkuu wake huzipima mwaka mzima. Mkuu wa rasilimali watu wa leo anaweza kuona katika dakika chache nani anakaribia kustaafu, nani hajapanda daraja, idara gani inapoteza watu. Hata hivyo katika makampuni mengi ya kati bado yuko chini ya meneja wa fedha, akihesabu likizo na kuandaa malipo, na huitwa kwenye kikao pale tu mtu anapotakiwa kuondolewa. Mfumo hauandiki barua ya kumwachisha mtu kazi. Barua hiyo bado inaandaliwa na yeye, na shauri likifika CMA au Tume ya Utumishi wa Umma, yeye ndiye anayeitwa kueleza sababu na utaratibu uliofuatwa.